Kemo hajaguswa nayo bado, seli nyeupe tayari ziko chini. Nani kazila?

#1 MwanaChuno
Habari za jioni wakuu. Mama yangu mdogo ana miaka 58, mkulima wa Tandahimba, kwa sasa yuko kwangu hapa Mtwara mjini. Saratani ya titi la kushoto, kinyama kilishakatwa kikapimwa, majibu tunayo. Jumatatu ndiyo ilikuwa aanze mzunguko wa kwanza wa kemo. Asubuhi wakamtoa damu ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, saa sita mchana daktari akatuita: leo hatuanzi, rudini baada ya wiki moja, kinga yake iko chini.

Karatasi ninayo hapa. Seli nyeupe zote 2.7, na ndani yake nyutrofili 1.3, limfosaiti 0.9. Vingine sikuvielewa.

Mimi nilichokuwa najua ni kwamba kemo ndiyo inayoua askari wa mwili. Huyu hajaonja hata tone. Sasa hao askari wamekwenda wapi? Saratani ndiyo inawala? Mwenye uelewa anisaidie, na aliyepitia aseme.

#2 BiboKavu
Pole sana mkuu. Saratani inakunywa damu, hilo halina mjadala. Mpe rozela, juisi ya bitiruti na majani ya mlonge, asubuhi na jioni. Wiki moja tu, utarudi hapa kunishukuru.

#3 DadaMaabara
BiboKavu, umejibu swali ambalo hakuulizwa mtu. Rozela na bitiruti watu wanazinywea wekundu wa damu, ile hemoglobini. MwanaChuno anauliza weupe. Ni vitu viwili tofauti ndani ya kichupa kimoja.

MwanaChuno, mambo mawili. Kwanza, nyutrofili haikai kwenye damu muda mrefu, ni saa chache mpaka siku hivi, na uboho wa mtu mzima unazalisha kama bilioni 100 kila siku. Kwa hiyo ile 1.3 ni picha ya asubuhi ile tu. Pili, uliona damu ilivyotolewa? Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kinatakiwa kupinduliwa polepole mara nane au kumi, kichwa chini, kichwa juu, ili dawa ya kuzuia kuganda ichanganyike. Kikiachwa kimelala mezani kinatengeneza vijidonge vidogo ambavyo hata kwa macho huvioni, mashine inahesabu pungufu. Platileti, zile chembe za kugandisha damu, zilikuwa ngapi?

#4 MwanaChuno
Dada asante. Platileti 188, hemoglobini 10.9. Kichupa sikukiangalia, nilikuwa namwangalia yeye alivyokuwa anaangalia ukutani.

#5 DadaMaabara
Kwa platileti 188 sina shaka kubwa na kichupa. Damu ikiganda platileti ndizo za kwanza kuanguka. Basi nimeondoa hoja yangu ya pili kwa mkono wangu mwenyewe.

#6 TabibuMstaafu
Nimefanya kazi wilaya tatu za kusini huku, sasa nafuga kuku Masasi. Hiyo 1.3 mimi isingeninyima usingizi. Waafrika tuna hali ya kuzaliwa nayo: chembe zetu nyekundu hazina alama inayoitwa Duffy, jina la mgonjwa ambaye damu yake ndiyo iliyofanya alama hiyo igunduliwe, mwaka 1950. Ukikosa alama hiyo malaria ya vivaksi mara nyingi inakupita, ndiyo maana huku kwetu vivaksi ni adimu. Gharama yake ni kwamba nyutrofili kwenye damu zinasomeka chache, 1.0 mpaka 1.5, na mtu ni mzima kabisa, analima, anacheza ngoma. Zile tarakimu za "kawaida" zilizochapwa pembeni ya karatasi nyingi zilipimwa kwa Wazungu. Muulizeni daktari kama ana FBP ya zamani ya huyo mama. Kama miaka mitano nyuma ilikuwa 1.4, basi hakuna aliyekula kitu.

#7 Mshihiri_wa_Mikindani
Mzee shikamoo. Umesema "Waafrika tuna". Pwani hii imechanganyika, babu yangu mzaa baba alishuka na jahazi kutoka Yemen. Kwa hiyo nyutrofili zangu mimi ni za wapi?

#8 TabibuMstaafu
Marahaba. Nikiri, niliandika kwa haraka, si kila Mwafrika. Lakini wewe usijitoe: hali hiyo hiyo imeelezwa hata kwa Waarabu na watu wenye asili ya Yemen. Umezungukwa pande zote mbili.

#9 Mshihiri_wa_Mikindani
Daah. Nimeingia kwenye uzi kusoma, natoka na upungufu.

#10 MjukuuWaNyangao
TabibuMstaafu, heshima yako mzee, ila usimtulize mtu mapema. Duffy inaeleza nyutrofili. Limfosaiti 0.9 je? Hizo Duffy haizishushi. Kiwango cha chini cha limfosaiti kwa mtu mzima ni 1.0 au juu yake kidogo. Kuna kitu kingine hapo.

#11 Tandahimba_Kwetu
Mimi nashuku dawa za mikorosho. Wanawake wetu wanapuliza bila barakoa, nguo zile zile wanarudi nazo kupika. Miaka thelathini ya kuvuta unga wa salfa, seli nyeupe zitabaki?

#12 MwanaChuno
Tandahimba_Kwetu umenikumbusha jambo, nimecheka peke yangu hapa sebuleni. Daktari alimuuliza, "Mama, unatumia salfa?" Mama mdogo akajibu bila wasiwasi, "Kila mwaka mwanangu. Mwaka huu mifuko sita." Daktari kalamu ikasimama hewani. Ilichukua muda kuelewana kwamba yeye anauliza vidonge na mwenzake anajibu mikorosho.

#13 Tandahimba_Kwetu
Hahaha! Mifuko sita kwa mdomo! Huyo hata ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, haumsogelei.

#14 DadaMaabara
Ila msicheke mkapitiliza. Swali la daktari lilikuwa zuri. Salfa ya mikorosho ni unga wa kiberiti, inawasha macho na kifua. Dawa za salfa ni ukoo mwingine kabisa, mfano Septrini, na Septrini inaweza kweli kushusha nyutrofili. MwanaChuno, alikunywa Septrini karibuni?

#15 MwanaChuno
Nimemuuliza sasa hivi. Ndiyo. Kituo cha afya walimpa za siku kumi, za kikohozi, akamaliza siku tatu kabla ya kuja mjini. Hakusema kwa daktari kwa sababu "zile zilikuwa za kifua, hazihusiani na titi".

#16 BiboKavu
Sasa hapo mnaona. Dawa za hospitali zinashusha, mlonge hauna kesi.

#17 MjukuuWaNyangao
BiboKavu, mlonge ni mboga, aule kama mboga. Kumchemshia mtu anayejiandaa na kemo makopo mawili ya majani usiyojua yanakutana vipi na dawa kwenye ini ni jambo jingine. Akila, amwambie daktari. Kama Septrini tu ilifichwa, mlonge utasemwa?

#18 Msafiri_Somanga
Nina kisa cha upande wa pili. Baba yangu, saratani ya umio. Mei 2024 tulikuwa njiani kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita, barabara imekatika Somanga, tukalala kwenye gari. Baba alikuwa anameza uji tu, na uji wenyewe nusu unarudi. Tulipofika Dar na kupimwa, nyutrofili zake zilikuwa 9.6, limfosaiti 0.8. Mimi nikafurahi: mzee ana askari wengi! Daktari hakufurahi. Alichukua kalamu akagawanya, 9.6 kwa 0.8, akaandika 12 pembeni akaizungushia duara.

Sikuelewa siku ile. Baadaye nikaeleweshwa kwamba kwa saratani za uvimbe wanaangalia pia uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti. Mtu mzima huwa kati ya 1 na 3 hivi. Ukipanda sana kabla ya matibabu si dalili nzuri. MwanaChuno, wa kwako ukigawanya unapata 1.4. Mimi ningebadilishana na wewe siku ile ile.

#19 Mchambuzi_Lindi
Msafiri_Somanga yuko sahihi. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 100 zenye wagonjwa zaidi ya 40,000 wa saratani za uvimbe: waliokuwa na uwiano mkubwa, mpaka ukiwekwa mara nyingi kwenye 4, kwa wastani waliishi muda mfupi zaidi. Na maelezo ni kwamba uvimbe wenyewe unatoa kemikali zinazouambia uboho "leta nyutrofili, leta nyingine". Nyutrofili hizo, baadhi hazijakomaa, zinafika kwenye uvimbe na badala ya kupigana zinawazuia limfosaiti wasifanye kazi. Kwa hiyo jibu la "saratani inakula askari" limegeuka: mara nyingi inaajiri wake.

#20 MjukuuWaNyangao
Mchambuzi, kabla hujafunga kesi: Msafiri, mzee alikuwa amepewa deksa, ile dawa ya steroidi, kabla ya kupimwa?

#21 Msafiri_Somanga
Alipewa, ndiyo. Sindano siku mbili mfululizo, kwa ajili ya maumivu na kumeza.

#22 MjukuuWaNyangao
Haya. Deksamethasone inabandua nyutrofili zilizong'ang'ania kwenye kuta za mishipa na kuzimwaga kwenye damu, papo hapo inashusha limfosaiti. Ile 12 inaweza kuwa ya uvimbe, ya deksa, ya njaa (mtu asiyekula wiki tatu limfosaiti zinapungua), au ya zote. Zile tafiti 100 ni za makundi ya watu. Kwa mzee mmoja mwenye deksa mwilini, ule mgao haumwambii mtu mengi.

#23 Mchambuzi_Lindi
Nakubali nusu. Makundi hayo huenda yalikuwa na watu wenye deksa pia.

#24 MjukuuWaNyangao
Nusu nyingine nitaisubiri.

#25 Msafiri_Somanga
Mzee alitangulia mwaka huo huo, Novemba. Nimeandika si kwa kumtisha mtu. Nimeandika kwa sababu ile duara ya kalamu bado naiona.

#26 MwanaChuno
Pole sana ndugu yangu. Mungu amlaze pema.

#27 TabibuMstaafu
Poleni.

#28 HawaNewala
Mimi niseme ambalo hamjaligusa. Mkimwambia mama wa kijijini "kinga yako iko chini", mnajua anasikia nini? Anasikia UKIMWI. Jina lenyewe ni Upungufu wa Kinga Mwilini, tumefundishwa hivyo tangu shule, mabango yote, redio zote. Dada yangu mkubwa, saratani ya shingo ya kizazi, muuguzi alisema maneno hayo hayo kwenye korido, watu wamekaa kwenye benchi. Dada alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, hakuifungua mpaka nyumbani. Siku nne hakula na wenzake kwenye sinia moja. Tulidhani ni saratani imemkatisha tamaa. Kumbe alikuwa anajitenga asituambukize. Alishapimwa virusi mwezi ule ule na hakuwa navyo! Lakini neno lilikuwa na nguvu kuliko kipimo.

MwanaChuno, mama mdogo anakula na nyie?

#29 MwanaChuno
Dada Hawa umenipiga mahali. Tangu Jumatatu anasema hana njaa, anakula baadaye peke yake jikoni. Nilijua ni mawazo tu. Ngoja.

#30 ChikongolaFM
Kwani kwa nini wasimpime CD4, kile kipimo cha watu wenye VVU, wamalize ubishi? Ndiyo kinga yenyewe.

#31 DadaMaabara
CD4 ni kabila moja tu la limfosaiti. Kuna CD8 ambao ndio wauaji, kuna seli B za kutengeneza kingamwili, kuna NK, wauaji wa aina nyingine. Mashine za CD4 zilisambaa kwa ajili ya huduma za VVU, ndiyo maana jina hilo limekaa midomoni. Mtu asiye na virusi, limfosaiti zikishuka kwa sababu yoyote, CD4 yake nayo inashuka. Ukimpima mama huyu ukapata 350 utakuwa umemwongezea hofu bila kumwongezea jibu. Cha kufanya ni kipimo cha virusi, na kawaida hufanywa kabla ya kemo, hasa kwa shingo ya kizazi: mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita hivi ya asiye navyo. Akiwa navyo dawa zinapangwa zisigongane, maana hata zidovudini, dawa mojawapo ya VVU, inashusha nyutrofili.

Na jambo la kukuchosha zaidi: limfosaiti zilizo kwenye damu ni kama asilimia 2 tu ya zote za mwilini. Zilizobaki ziko kwenye tezi, bandama, utumbo, na nyingine ndani ya uvimbe wenyewe. Sisi maabara tunahesabu abiria walioko stendi ya Mkanaledi, halafu mnatuuliza Mtwara ina watu wangapi.

#32 ChikongolaFM
Huo mfano nauiba.

#33 Mchambuzi_Lindi
Na hao walio ndani ya uvimbe ndio wenye hadithi. Daktari Virchow wa Ujerumani aliona seli nyeupe kwenye uvimbe mwaka 1863. Miaka ya 1890 daktari Coley wa New York alikuwa anawachoma wagonjwa bakteria ili kuamsha kinga. Mwaka 2018 wanasayansi Allison na Honjo wakapata Nobeli kwa kugundua breki za limfosaiti, zikifunguliwa wanaushambulia uvimbe...

#34 BiboKavu
Mkuu, mwenzio ana miadi Jumatatu, wewe uko New York.

#35 Mshihiri_wa_Mikindani
Mwache, nauli anajilipia.

#36 MamaNtilie_Feri
Mimi sina elimu ya maabara. Nilipata kemo mizunguko sita, titi la kulia, sasa mwaka wa nne, nauza chapati hapa feri ya Msangamkuu. Mzunguko wa tatu nilirudishwa mara mbili kwa seli nyeupe. Mara ya tatu nilitoka kwa dada Magomeni kwa mguu, nikapandisha ngazi, nikatolewa damu nikiwa nahema, zikatosha. Tangu hapo kila miadi natembea. Msinicheke.

#37 MjukuuWaNyangao
Mama shikamoo, hatukucheki. Mazoezi kweli yanatikisa zile nyutrofili zilizolala kwenye kuta za mishipa, tarakimu inapanda kwa muda. Tatizo ni kwamba askari ni wale wale, umewaamsha tu wasimame mstarini.

#38 TabibuMstaafu
Na kwa mwenye asili ya Duffy hilo lina maana. Askari wake wapo, kwenye uboho na kwingineko. Kumnyima dozi au kumpunguzia kwa sababu ya idadi iliyoko barabarani ni kumwonea. Ndiyo maana baadhi ya miongozo inaruhusu 1.0 badala ya 1.5.

#39 MjukuuWaNyangao
Baadhi. Inategemea dawa na ratiba. Mzee, mtu akisoma hapo ataenda kubishana dirishani.

#40 TabibuMstaafu
Wabishane. Nilikaa kwenye dirisha hilo miaka ishirini na tisa, tulibishwa kidogo mno.

#41 Kilwa_Kivinje
Hakuna aliyetaja minyoo na malaria? Mtu ametoka Tandahimba, msimu wa mvua, mnaruka Duffy na Nobeli! Malaria inashusha limfosaiti na platileti. MwanaChuno, kwenye karatasi angalia eosinofili, seli nyeupe zinazopanda mtu akiwa na minyoo.

#42 MwanaChuno
Imeandikwa EOS 0.2, pembeni asilimia 7.

#43 Kilwa_Kivinje
Si nilisema! Minyoo.

#44 DadaMaabara
Asilimia 7 ya 2.7 ni 0.2, na 0.2 ni ya kawaida. Asilimia imekuwa kubwa kwa sababu jumla ni ndogo. Na malaria kwa platileti 188? Sidhani. Ila kumpima hakudhuru, ni tone moja.

#45 Kilwa_Kivinje
Nimeonewa na hesabu.

#46 MwanaChuno
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Dada HawaNewala, ulikuwa sahihi kwa asilimia mia. Nilikaa naye jikoni usiku, nikamwuliza, akalia. Alishatenga sahani yake na kikombe, kaviweka juu ya kabati nyuma ya sufuria. Nikamwonyesha majibu ya VVU, hana, aliyasikia siku alipopimwa ila alidhani "kinga iko chini" ni majibu mapya yaliyofuta yale. Jana amekula ugali na sisi, pweza wa nazi, kala kuliko mimi.

Jumatatu tumempima tena. Nyutrofili 1.7, limfosaiti 0.9 vile vile. Malaria hana. Daktari nilimwambia habari ya Septrini, akaandika. FBP ya zamani haijapatikana, ile kliniki waliyompima 2019 daftari lao liliingia maji. Kemo kaanza, dripu saa tatu, katoka anatembea.

#47 BiboKavu
Alhamdulillah! Mlonge alipewa?

#48 MwanaChuno
Alikula kama mboga mara mbili.

#49 BiboKavu
Sina la ziada.

#50 DadaMaabara
Septrini imetoka mwilini, ndiyo hiyo.

#51 TabibuMstaafu
1.3, kisha 1.7. Huyo ni mtu wa Duffy anapanda na kushuka kama kawaida yake. Rudini miaka miwili baadaye mtaniambia.

#52 MamaNtilie_Feri
Alikwenda kwa mguu?

#53 MwanaChuno
Bajaji ilituharibikia karibu na geti, tukamalizia kwa mguu.

#54 MamaNtilie_Feri
Haya.

#55 Mchambuzi_Lindi
Limfosaiti 0.9 mara zote mbili hakuna aliyeieleza bado.

#56 MjukuuWaNyangao
Kwa mara ya kwanza nakuunga mkono. MwanaChuno, nyutrofili zake zitashuka zaidi, kwa dawa nyingi chini kabisa ni kati ya siku ya 7 na ya 14. Nunua kipimajoto. Joto likifika 38, usiku au mchana, ni hospitali moja kwa moja, msisubiri kuche na msimpe Panado mkakaa kuangalia. Inaweza kuwa dalili pekee mtakayoiona.

#57 MwanaChuno
Kipimajoto kimenunuliwa, kinakaa kwenye kikombe kile alichokuwa amejitengea. Anapima asubuhi na jioni, anaandika nyuma ya kalenda. Leo siku ya tisa, 36.8. Amempima na jirani, 37.1, kamwambia arudi jioni.